Herufi Ndogo Iliyogeuka Kubwa: Uchambuzi wa Kisa cha Lebo za Sampuli

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya kupima udongo ambamo kila sampuli hugawanywa mafungu mawili: fungu moja huhifadhiwa likiwa bichi, kama lilivyochimbwa, na jingine hukaushwa, hupondwa na kuchekechwa kabla ya kupimwa. Mafungu yote mawili yalibeba kitambulisho kilekile, isipokuwa herufi moja iliyo katikati. Herufi kubwa ilionyesha udongo mbichi, na herufi ndogo ilionyesha udongo mkavu. Kwa hiyo T15D208 ulikuwa mfuko wa udongo mbichi, na T15d208 ilikuwa chupa ya udongo mkavu uliotoka katika mfuko huohuo. Vitambulisho hivi viwili nimevitunga kwa ajili ya maelezo haya, lakini mpangilio wake ndio uliotumika.

Kwa miaka kadhaa mpangilio huo haukumsumbua mtu. Lebo zilichapwa kwa msimbo pau (mistari myeusi na myeupe inayosomwa na mashine) wa aina ya Code 39, skana zikazisoma, na programu ya kumbukumbu ikapokea kila kitambulisho jinsi kilivyoandikwa. Kisha skana za zamani zikachakaa, zikanunuliwa mpya. Siku ya kwanza ya kazi mfuko wa T15D208 ulisomeka bila tatizo, lakini chupa ya T15d208 ilipoelekezwa kwenye skana, kompyuta iliandika T15+D208, na programu ikakataa kwa sababu hakuna kitambulisho cha namna hiyo katika rejista.

Mtu aliyekuwa na jukumu la programu alipitia orodha nzima ya vitambulisho, akaona kwamba alama ya kujumlisha haitumiki popote, akahitimisha kwamba ni uchafu unaoletwa na skana mpya. Akaongeza amri moja tu: katika kila usomaji, alama ya kujumlisha ifutwe kabla ya kitambulisho kutafutwa katika rejista. Ujumbe wa makosa ukakoma papo hapo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulalamika mpaka mchambuzi mmoja alipogundua kwamba kiasi cha maji kilichoandikwa kwa sampuli kadhaa mbichi kilikuwa kidogo mno, kana kwamba udongo huo umetoka katika tanuri la kukaushia. Na kweli ulikuwa umetoka huko. Matokeo ya chupa kavu yalikuwa yakiandikwa juu ya rekodi za mifuko mibichi, kwa kuwa T15+D208 ikiondolewa alama yake ya kujumlisha hubaki T15D208, ambacho ni kitambulisho halali kabisa, ila ni cha kitu kingine.

Nilipoombwa kuchunguza, nilikuta lawama zote zimekwisha kuelekezwa kwa skana. Nimeamua kuandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu uchunguzi ulionyesha kinyume chake: skana haikukosea hata upau mmoja, na printa nayo ilichapa sawasawa. Kilichovunjika kilikuwa makubaliano kuhusu maana ya pau, na makubaliano hayo hayachapwi kwenye karatasi. Mtu akitaka kuelewa jinsi msimbo pau unavyobeba herufi na tarakimu, sijui mfano unaolionyesha jambo hilo wazi kuliko huu.

Kuisoma lebo kwa macho

Hatua ya kwanza niliyochukua ilikuwa kuweka skana kando na kuisoma lebo kwa lenzi ya kukuza. Code 39 inaruhusu jambo hilo, na ninamshauri kila anayefanya kazi na lebo ajifunze angalau mara moja, maana baada ya hapo pau haziwezi tena kuwa fumbo kwake.

Kila alama ya Code 39 imeundwa kwa vipande tisa vinavyofuatana: pau tano nyeusi na nafasi nne nyeupe zilizo kati yake. Vipande hivyo vina upana wa namna mbili tu, mwembamba na mpana, na katika vyote tisa ni vitatu tu vilivyo vipana. Ndiyo maana msimbo huu huitwa pia tatu kati ya tisa. Baina ya alama moja na inayofuata huachwa nafasi nyembamba isiyobeba maana yoyote, ili kila alama isimame peke yake bila kutegemea jirani yake.

Utaratibu wa kupanga vipande hivyo vitatu vipana ni mzuri kiasi cha kustahili kuelezwa taratibu. Katika herufi na tarakimu zote, vipana viwili huwa ni pau na kimoja huwa ni nafasi. Kuchagua pau mbili kati ya tano kunawezekana kwa njia kumi, na kuchagua nafasi moja kati ya nne kunawezekana kwa njia nne, kwa hiyo hupatikana alama arobaini. Zile njia kumi za pau huonyesha mahali pa alama ndani ya kundi lake, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, na nafasi iliyo pana huonyesha ni kundi gani. Nafasi ya pili ikiwa pana, tumo katika tarakimu. Ya tatu ikiwa pana, tumo katika herufi A hadi J. Ya nne, K hadi T. Ya kwanza, U hadi Z pamoja na kistari, nukta, nafasi tupu na kinyota.

Ili kujua mahali ndani ya kundi, pau tano hupewa thamani 1, 2, 4, 7 na 0 kuanzia kushoto, kisha thamani za pau mbili zilizo pana hujumlishwa. Upau wa tatu na wa tano vikiwa vipana, jumla ni 4 na 0, yaani nne. Katika kundi la tarakimu hiyo ni 4 yenyewe. Katika kundi la pili ni herufi ya nne, D. Katika la tatu ni N, na katika la mwisho ni X. Alama hizi nne zina pau zilezile kabisa na hutofautiana kwa nafasi moja tu nyeupe. Mchanganyiko mmoja, wa upau wa tatu na wa nne, hutoa jumla ya 11, na huo ndio uliotengewa mahali pa kumi: tarakimu 0, herufi J, herufi T na kinyota.

Zaidi ya hizo arobaini kuna alama nne ambazo hazifuati kanuni hiyo: alama ya dola, mkwaju, alama ya kujumlisha na alama ya asilimia. Hizi pau zake zote tano ni nyembamba, na nafasi tatu kati ya nne ndizo zilizo pana. Jumla ni alama 44, lakini kinyota hutumika kuanzia na kumalizia kila lebo, kwa hiyo mtumiaji hubakiwa na 43.

Kwa ufahamu huo niliinamia lebo ya chupa. Ilianza na kinyota, kama inavyotakiwa. Ikafuata alama yenye upau wa tatu na wa nne vipana na nafasi ya nne pana, yaani mahali pa kumi katika kundi la K hadi T: herufi T. Kisha 1, kisha 5. Alama iliyofuata ilikuwa na pau zote tano nyembamba, nafasi yake ya pili ikiwa nyembamba na nyingine tatu zikiwa pana. Hiyo ni alama ya kujumlisha. Baada yake ukaja upau wa tatu na wa tano vipana pamoja na nafasi ya tatu pana: D, herufi kubwa. Kisha 2, 0, 8 na kinyota cha kufungia. Chini ya pau, kwa maandishi ya kawaida, palichapwa T15d208, lakini pau zenyewe zilisema T15+D208. Skana mpya ilikuwa imesema kweli tupu.

Alama mbili kwa herufi moja

Pau zilianzia kwenye tarakimu. Norman Joseph Woodland, ambaye pamoja na Bernard Silver aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1949 na kuipata mwaka 1952, alilipata wazo hilo alipokuwa ufukweni Miami Beach, akachora mchangani nukta na vistari vya Morse kisha akavivuta kuelekea chini mpaka vikawa mistari. Ilipofika tarehe 26 Juni 1974, bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa UPC, yaani msimbo pau wa bidhaa za dukani, iliposomwa katika duka moja huko Troy, Ohio, Marekani, msimbo huo ulikuwa na tarakimu kumi na mbili na hakuna herufi hata moja, kwa kuwa kaunta ya malipo haihitaji herufi. Viwanda na maghala ndivyo vilivyozihitaji, maana namba za vipuri huchanganya herufi na tarakimu tangu zamani. Code 39 ilibuniwa katika kampuni ya Intermec na David Allais na Ray Stevens, nayo pia mwaka 1974, ili kukidhi haja hiyo.

Alama 43 zilitosha kwa namba za vipuri. Hazitoshi kwa mtu anayetaka herufi ndogo, mabano au alama ya mshangao. Ili kuzipata, uliongezwa utaratibu unaozitumia zile alama nne za pekee kama vitangulizi. Alama ya kujumlisha ikifuatwa na herufi kubwa, zote mbili kwa pamoja husomwa kuwa herufi ndogo: +A ni a, +D ni d, na kuendelea hadi +Z. Mkwaju ukifuatwa na herufi hutoa alama za uandishi: /A ni alama ya mshangao, /H ni mabano ya kufungua, /L ni mkato. Alama ya kujumlisha yenyewe, ikihitajika, huandikwa /K, na mkwaju huandikwa /O. Kwa njia hii alama zote 128 za ASCII, yaani orodha sanifu ya herufi, tarakimu na alama za kompyuta, hupatikana.

Neno la kuzingatia hapa ni “husomwa”. Hakuna kitu chochote ndani ya lebo kinachosema kwamba alama ya kujumlisha iliyomo ni kitangulizi na si alama ya kujumlisha ya kweli. Pau ni zilezile, kinyota cha kuanzia ni kilekile. Skana iliyowashwa mpangilio wa ASCII kamili itaunganisha alama mbili kuwa moja, na skana isiyowashwa itazitoa zote mbili kama zilivyo. Kila moja inatenda haki kwa kadiri ya maagizo iliyopewa.

Kuthibitisha hilo kulihitaji dakika chache. Skana nyingi zinaweza kuagizwa zitangulize kila usomaji kwa alama tatu za utambulisho: mabano ya mraba ya kufunga, herufi ya aina ya msimbo, na tarakimu inayoeleza jinsi usomaji ulivyoshughulikiwa. Skana moja ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi. Nilipoielekeza kwenye chupa, iliandika ]A4T15d208. Skana mpya iliandika ]A0T15+D208. Herufi A ni Code 39 kwa zote mbili. 4 maana yake ni kwamba ASCII kamili imetafsiriwa, na 0 ni kwamba hakuna kilichofanywa zaidi ya kusoma. Tofauti yote iliyoharibu kumbukumbu za maabara ilikuwa hapo, kati ya 4 na 0.

Kwa nini uhakiki haukusaidia

Swali lililoulizwa mara nyingi katika kikao kilichofuata lilikuwa: je, msimbo pau haujihakiki wenyewe? Unajihakiki, na vizuri. Katika Code 39, wino ukisambaa ukafanya kipande kimoja chembamba kionekane kipana, vipana vitakuwa vinne badala ya vitatu, na skana itaikataa alama hiyo. Vilevile kipana kikionekana chembamba vitabaki viwili, nayo itakataliwa. Ni lazima yatokee makosa mawili yanayofidiana ndani ya alama moja, kwa mfano nafasi ya pili isinyae na ya tatu itanuke, ndipo 4 igeuke D bila skana kushtuka. Hilo linawezekana kwenye lebo iliyochapwa vibaya, na ndiyo maana kuna alama ya ziada ya uhakiki ambayo mtumiaji anaweza kuiongeza mwishoni.

Maabara hiyo haikuitumia alama hiyo. Nimeikokotoa ili kuonyesha kwamba hata kama ingekuwepo isingebadilisha lolote. Kila alama hupewa thamani: tarakimu ni 0 hadi 9, herufi A hadi Z ni 10 hadi 35, na alama nyingine huendelea hadi 42. Katika T15+D208 thamani ni 29, 1, 5, 41, 13, 2, 0 na 8. Jumla ni 99, na ikigawanywa kwa 43 baki ni 13, ambayo ni D. Skana ingesoma alama nane, ingepiga hesabu, ingekuta D mwishoni na kuridhika kwa haki kabisa, kwa kuwa alama nane hizo ndizo zilizochapwa. Uhakiki hulinda safari ya kutoka kwenye karatasi hadi ndani ya skana. Kinachotokea baada ya hapo, hasa amri ya kufuta alama iliyoandikwa na mtu kwa nia njema, kiko nje ya ulinzi wake.

Kuna udhaifu mwingine wa hesabu hiyo ambao nitaurudia mbele: hujumlisha thamani bila kujali mpangilio. T51+D208 ina jumla ileile ya 99.

Rekebisho langu la kwanza na kosa lake

Nilipendekeza skana mpya ziwashwe mpangilio wa ASCII kamili, na ile amri ya kufuta iondolewe. Kwa chupa na mifuko rekebisho hilo lilikuwa sahihi. Lakini sikuuliza kama kuna lebo nyingine za Code 39 katika jengo hilo, na nilipaswa kuuliza.

Zilikuwepo. Rafu za ghala zilikuwa na lebo zilizoonyesha safu na sehemu, kama vile R7/J kwa rafu ya saba juu na R7/C kwa rafu ya saba chini, na mkwaju ndani yake ulikuwa mkwaju wa kweli, si kitangulizi. Mtunzaji wa ghala alipoanza kuhesabu akiba yake, R7/J ilisomeka R7* na R7/C ikasomeka R7#, sawasawa na jedwali la ASCII kamili linavyoagiza, maana /J ni kinyota na /C ni alama ya reli. Skana za zamani zilikuwa hazijawahi kutumika ghalani. Huko walitumia skana nyingine zenye mpangilio wa kawaida, na hakuna aliyejua kwamba jengo moja lilikuwa likiishi na maana mbili za pau zilezile. Ununuzi mpya ulileta skana za aina moja kwa kila mtu, na hapo ndipo maana hizo mbili zilipokutana.

Kwa bahati njema programu iliikataa R7*, kwa hiyo hakuna kumbukumbu iliyoharibika. Skana zikarudishwa kwenye mpangilio wa kawaida, na tafsiri ikahamishiwa ndani ya programu, katika uga (sehemu ya kujazia) wa kitambulisho cha sampuli peke yake: alama ya kujumlisha ikifuatwa na herufi, zote mbili zigeuzwe kuwa herufi ndogo. Uga wa rafu ukaachwa kama ulivyo. Tofauti kati ya amri hii na ile ya mwanzo ni ndogo sana kwa maandishi lakini ni kubwa kwa matokeo, kwani kufuta hutupa habari, na kutafsiri huihifadhi.

Rekodi zilizofunikwa zilipatikana tena, na zilipatikana kwa sababu moja tu. Programu ilikuwa ikitunza faili ya kila usomaji kama ulivyofika kutoka kwenye skana, kabla ya amri yoyote kuugusa. Alama za kujumlisha zilikuwa bado zimo humo, kila moja ikionyesha usomaji wa chupa kavu, kwa hiyo iliwezekana kupitia faili hiyo mstari kwa mstari na kurudisha kila tokeo mahali pake. Kama ufutaji ungefanywa ndani ya skana yenyewe, jambo ambalo skana nyingi zinaliweza, kusingekuwa na njia ya kujua ni matokeo yapi yalikuwa ya udongo upi.

Lebo mpya

Msimamizi wa maabara aliniuliza kama kuna msimbo ambao herufi ndogo ni herufi ndogo bila kuhitaji makubaliano ya pembeni. Upo, nao ni Code 128, uliobuniwa na Ted Williams katika kampuni ya Computer Identics mwaka 1981. Jina lake linataja zile alama 128 za ASCII.

Humo vipande havina upana wa namna mbili bali wa namna nne. Kila alama, isipokuwa ya kumalizia, ina pau tatu na nafasi tatu, na kila kipande kina upana wa kipimo kimoja hadi vinne, ilimradi jumla ya vipande sita iwe vipimo kumi na kimoja na jumla ya pau peke yake iwe namba shufwa. Katika seti ya alama iitwayo B, yenye herufi kubwa na ndogo, D imeandikwa 1-1-2-3-1-3, yaani upau wa kipimo kimoja, nafasi ya kimoja, upau wa viwili, nafasi ya vitatu, upau wa kimoja, nafasi ya vitatu. Herufi ndogo d ni 1-4-1-1-2-2. Hazifanani hata kidogo, na hakuna kitangulizi kati yake cha kupotea njiani.

Seti ziko tatu. A ina herufi kubwa pamoja na alama za kudhibiti vifaa, B ina herufi kubwa na ndogo, na C haina herufi kabisa: kila alama yake ni jozi ya tarakimu, 00 hadi 99. Umbo moja la pau huwa na maana tofauti kulingana na seti inayotumika, lakini hapa makubaliano yamechapwa ndani ya lebo yenyewe, kwa sababu alama ya kuanzia hutaja seti na kuna alama maalumu za kuhama kutoka seti moja hadi nyingine. Hili ndilo Code 39 ya ASCII kamili inalolikosa, na kwangu mimi ndilo jambo kuu zaidi kuliko ufupi wa lebo, ingawa ufupi ndio unaosifiwa zaidi. Namba ndefu kama 20471163 huchukua alama nne tu za seti C badala ya nane. Vitambulisho vya maabara hii havina mfululizo mrefu wa tarakimu, kwa hiyo kuhamia C katikati kusingeleta faida, na lebo zilibaki katika B. Hata hivyo zilifupika: T15d208 kwa Code 128 huchukua vipimo 112, ilhali kwa Code 39, ikiwa kipande kipana ni mara tatu ya chembamba, huchukua 159. Kwenye chupa ya mviringo, ambapo ncha za lebo hupinda na kujificha, tofauti hiyo inahesabika.

Alama ya uhakiki katika Code 128 ni ya lazima, na hesabu yake hujali mpangilio. Thamani ya alama ya kuanzia ya seti B ni 104. Kwa nyingine zote, chukua namba yake ya ASCII, toa 32, kisha zidisha kwa mahali ilipo. T ni 52 mara 1. Tarakimu 1 ni 17 mara 2. 5 ni 21 mara 3. Herufi ndogo d ni 68 mara 4. 2 ni 18 mara 5. 0 ni 16 mara 6. 8 ni 24 mara 7. Jumla pamoja na 104 ni 879, na ikigawanywa kwa 103 baki ni 55. Kwa mfuko mbichi, ambapo D ni 36 badala ya 68, jumla hushuka hadi 751 na baki huwa 30. Na T51d208, ambayo katika hesabu ya Code 39 ingepita bila kuonekana, hapa hutoa 51.

Wakati wa mpito lebo za aina zote mbili zilikuwa zikitumika pamoja, nazo zile alama tatu za utambulisho ziliachwa zimewashwa. Usomaji ulioanza kwa ]A0 ulitafsiriwa na programu, na ulioanza kwa ]C0, ambayo ni Code 128 ya kawaida, ulipokelewa bila kuguswa.

Lilibaki jambo moja ambalo lilijitokeza wiki chache baadaye, nalo halikuhusu pau hata kidogo. Kompyuta moja ya mapokezi ilikuwa imebonyezwa kitufe cha herufi kubwa. Skana zilizounganishwa kwa namna ya kuiga kibodi hutuma kila alama kama mbonyezo wa kitufe, na kompyuta ikiwa katika hali hiyo hugeuza herufi ndogo kuwa kubwa na kubwa kuwa ndogo. Chupa ya T15d208 ilisomwa kwa usahihi, uhakiki wa 55 ukakubali, kisha ikaingia kwenye programu kama t15D208. Tulibadilisha muunganisho wa skana zote ili zitume data kama mkondo wa bandari ya mfululizo, ambao haupiti kwenye kibodi.

Baada ya tukio hilo nilimweleza msimamizi bila kuzunguka kwamba tofauti kati ya udongo mbichi na mkavu haipaswi kubebwa na ukubwa wa herufi, kwa msimbo wowote ule, kwa sababu watu huisoma lebo kwa sauti, huiandika kwa mkono na kuitafuta katika programu zisizojali ukubwa wa herufi. Alikubali. Sampuli zote zinazopokelewa sasa hupewa vitambulisho vya herufi kubwa tupu, na herufi ya mwisho ni B kwa udongo mbichi na K kwa udongo mkavu. Vitambulisho vya zamani havikubadilishwa, kwa kuwa vimekwisha kutajwa katika ripoti zilizotolewa, kwa hiyo chupa ya T15d208 bado ipo rafuni na jina lake lilelile, juu ya lebo mpya ya Code 128.